Feza, matofali nimeyarudisha

Feza,

Ngege wanakula vizuri. Naanza na samaki kwa sababu najua ungewauliza wao kwanza, mimi baadaye, kama siku zote. Ulikuwa ukirudi sokoni unapita moja kwa moja kwenye tanki, unagonga ukingo kwa kijiko, nao wanapanda juu wote kwa vurugu, na mimi nimekaa palepale na sahani yako ya ugali nimeifunika. Mpaka leo nikigonga mimi wanakuja wachache. Usiniambie ni mawazo yangu.

Nataka kukwambia nililolifanya baada ya kukuzika. Watu wa hapa wanalijua, lakini kutoka kinywani mwangu hawajalisikia.

Mradi ulikuwa wangu. Niache niseme hilo kwanza. Mimi ndiye niliyejifunza Kigoma kufuga samaki kwenye tanki na kupanda mboga kwenye kitalu cha kokoto, maji machafu ya samaki yanalisha mboga, yanarudi kwao yakiwa masafi. Mimi ndiye niliyeomba kanisa letu linitume huku Rumonge, ng'ambo ya mpaka, wakati wenzangu wakisema nina kichaa kwenda kuhubiri kwenye vita vya watu. Huku milimani kwenye mashamba hakuendeki, ziwani wanajeshi wamekataza kuvua, kwa hiyo nikamwambia Bwana, nitawaletea shamba na ziwa mlangoni. Nilijiona mtu, kwa kweli. Kisha ukaja wewe kutoka Uvira na begi moja na kicheko chako, umetumwa kunisaidia. Kunisaidia!

Tulipomaliza kujenga tanki nyuma ya kanisa, kokoto zikawa shida, maana ufukweni hakukuwa na ruhusa ya kushuka. Mimi nikaingia kwenye maombi. Wewe ukachukua karai ukatoka. Ulirudi na vipande vya matofali kutoka kwenye nyumba zilizochomwa, na hukuviokota tu, ulimtafuta kila mwenye nyumba kokote alikokimbilia, ukamwambia, "Unipatie kidogo ya nyumba yako, tuipandie lengalenga." Nilicheka. Nani anaomba ruhusa ya kifusi? Lakini walikupa, Feza. Watu ambao hawakuwa wakiangaliana tena usoni walileta wenyewe, wakavimimina kwenye kitalu kimoja. Ukabandua lipu yote, ukasema inaharibu maji, ukasugua kila kipande kwa burashi. Mama Zuhura, yule mjane Mwislamu wa mtaa wa chini, alileta matofali ya jiko lake na akakukataza kuyatoa masizi. Mchicha, lengalenga yenu, ukaota. Mtu akija kuchuma alisema anachuma kwake. Mahali pakaitwa kwa Feza. Mimi nilikuwa yule Mutanzania.

Niliona wivu. Naandika mchana kweupe, sina haja ya kulificha neno: wivu. Malaria ilipokushika na barabara ya Bujumbura imefungwa, nilikukanda siku tatu, na nilikupenda kwa moyo wote, Mungu ni shahidi. Lakini kila aliyeingia mlangoni akilia, nilijiuliza kama mimi wangenililia hivyo. Ulikuwa unakufa mkononi mwangu na mimi najiuliza hivyo.

Ukaondoka. Muda si mrefu ufukwe ukafunguliwa, na habari ikaja kwamba mgeni wa kanisa anatoka Kigoma kuona mradi. Basi nikayatoa matofali yote kwenye kitalu, nikayamwaga nyuma ya jiko la kanisa. Nikajaza kokoto za ziwani, nyeupe, zenye vikonokono vidogo, zikapendeza macho. Nikamwita fundi ajenge nguzo fupi ya matofali mapya, na juu yake tukasimamisha kibao: jina la mradi, na chini yake mwanzilishi, jina langu lote pamoja na la baba. Jumapili ile nilihubiri juu ya Kaini na Abeli. Nilihubiri vizuri sana.

Hakuna aliyenigombeza. Walikuja mmojammoja, wakachagua vipande vyao kwenye lile rundo, wakavitia kwenye vikapu wakaenda navyo. Mama Zuhura alitambua vyake kwa masizi. Wanawake waliokuwa wakileta mchwa wa kulisha samaki wakaacha. Halafu mchicha ukaanza kuwa wa manjano, na mimi nikafunga na kukemea mapepo. Mapepo gani! Vilikuwa vile vikonokono. Maganda yao ni chokaa tupu, sawasawa na ile lipu uliyokuwa unabandua. Najua ungecheka mpaka ukae chini. Mgeni akafika, akasoma kibao, akatazama majani, akaandika kitu kwenye daftari lake ambacho hakunionyesha.

Alipoondoka nilikwenda kwa Mama Zuhura na karai tupu. Hakunikaribisha kukaa. "Feza alikuya hapa, akaomba," akasema. "Weye haukuomba. Ulitupa jiko yangu inje." Nikapiga magoti pale kwenye vumbi, nikaomba. Akalichukua karai, akalijaza mwenyewe. Nilipokuwa natoka akaniuliza, "Na tofali yako weye iko wapi?"

Mimi hakuna aliyenichomea nyumba. Nyumba yetu Kigoma imesimama, na mama anafagia uani kila asubuhi. Wewe yako ya Uvira ilibaki majivu, ndiyo maana huku waliona wewe ni wao, na nimegundua kwamba hata hilo nilikuonea wivu. Mtu anaona wivu juu ya msiba wa mwenzake! Nisamehe, Feza. Nisamehe hilo kuliko mengine yote.

Nilipofika kanisani nikachukua nyundo, nikaivunja nguzo. Fundi alikuwa ametia saruji ya kweli, ikanichubua viganja. Nikabandua saruji yote kama ulivyotufundisha, nikasugua kila kipande kwa burashi yako, nikazoa kokoto zote za ziwani, nikavipanga kwenye kona ya kitalu. Kisha nikazunguka nyumba kwa nyumba na karai, nikiomba. Wengine walinifanya nirudi mara mbili. Wote wamerudisha. Kile kibao sasa ni mfuniko wa tanki, maandishi yametazama chini, wanasoma ngege.

Panaitwa kwa Feza bado. Sitakudanganya kwamba hainiumi. Lakini nakuahidi, mgeni yeyote akiniuliza nani alianza hapa, nitataja jina lako kabla ya langu, hata kwa shingo upande. Na masizi ya Mama Zuhura hakuna atakayeyasugua nikiwa hai.

Pumzika, dada yangu. Jana Mama Zuhura alikuja kuchuma. Akapita kwenye jiko lake, akapita kwa jirani zake, akainama kwenye ile kona yenye vipande vyekundu vipya. "Leo ninachuma kwa Tabita," akasema.

Nimekuandikia hilo ili na wewe, huko uliko, unionee wivu kidogo.

Tabita