Karte mbili na tarumbeta yangu

Mujukuu wangu Fiston,

Hapa Cyangugu tunapumua. Maman yako alivuka mupaka wa Ruhwa jana na maharagwe, akarudi salama. Nyanya yako anauliza kama huko Liège unakula.

Umenitumia picha za karte mbili za sauti, vile vibao vya kupachika ndani ya ordinateri, yaani kompyuta, ili michezo ya zamani itoe muziki, unauliza ununue gani. Ninazijua. Nilipokuwa kijana Bukavu, nilikuwa napiga tarumbeta katika baa moja. Siku moja patron, mwenye baa, alituita sisi banamuziki wake, akatupigia kwenye ordinateri yake muziki wa mchezo mumoja, mara na karte hii, mara na ile. "Ninyi ndio munajua kusikia," alisema, "munichagulie iliyo nzuri." Tulifurahi kuulizwa. Tarumbeta ya karte ya kwanza ililia kama nyuki ndani ya mukebe. Ya pili ilikuwa na pumzi ya muntu, maana ndani yake walitia sauti ya tarumbeta ya kweli. Nikamwambia achukue hiyo.

Jumamosi iliyofuata, ordinateri ilikuwa imekaa kwenye kiti changu, inapiga nyimbo zetu. Patron hakutoka hata kutuaga.

Nunua ya pili. Ni nzuri, siwezi kusema uongo kwa sababu ya uchungu. Lakini ukiisha kuipachika, usinipigie simu nisikilize.

Babu yako