Kwa Mzee Danford Ngassa, Aliyejua kwa Nini Sungura Hutetemeka

Mwaka umetimia, baba yetu, tangu ututoke hapa nyumbani Somanda, Bariadi, tukiwa katikati ya palizi ya pamba.

Miaka thelathini ulikuwa bwana mifugo, ukichanja ng'ombe wa watu Meatu na Busega. Wenzako walipostaafu walinunua ng'ombe. Wewe ukajenga banda la sungura. Ndugu zako wa Lingeka walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkweo Justina, mke wa mwanao Januarius, naye alicheka, ila kwa heshima, akiwa jikoni. Hukujali. Kila kukicha ulipita bandani ukiwaamkia kwa Kisukuma, "mwangaluka", mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia ofisini kwa watu.

Hukuwa mtu wa kuficha kosa. Sungura wako sita wa kwanza walitetemeka wakafa kwa siku moja, na kila aliyeuliza ulimwambia umewaua mwenyewe: uliwakatia majani kwenye shamba la pamba lililopigwa dawa juzi yake. Tangu hapo, ukiletewa sungura anayetetemeka, hukukimbilia sindano. Uliuliza kwanza amekula nini. Ukamshika masikio kuona kama yana joto, ukachungulia ndani kama kuna utitiri. Usipoona kitu ulisema, "Basi tafuteni kinachomtisha."

Siku ya mazishi yako, yule jike mweupe uliyempenda kuliko wote alianza kutetemeka. Januarius akasema achinjwe mara moja, asije akaambukiza wengine. Mama Milembe, mkeo, akasema taratibu kwamba huyo naye akienda, atakuwa amefiwa mara mbili kwa siku moja.

Justina, ambaye hakuwahi kugusa banda lako, akapiga magoti. Akauliza amekula nini; akaambiwa ni majani yale yale ya kila siku, ya nyuma ya nyumba. Masikio yalikuwa safi, hayana joto. Alipoinua kichwa akaiona spika ya msiba. Sisi wenyewe tulikuwa tumeiegemeza kwenye banda, ikipiga kwaya tangu alfajiri. Akaagiza izimwe, akamtoa sungura, akamzungushia koti lako na kumweka mapajani mwa Mama.

"Hana ugonjwa, Mama," alisema. "Anaogopa tu."

"Hata mimi, mwanangu."

Ndipo Mama alipolia, kwa mara ya kwanza tangu ufe. Spika hatukuiwasha tena. Nyimbo za kukuzika tuliimba kwa midomo yetu, na yule jike akalala.

Tunakukosa sana, baba. Banda sasa ni la Justina. Huwaamkia sungura wako kila asubuhi, akidhani hatumsikii.

Unakumbukwa na mkeo Milembe, wanao Januarius na Winnie, mkweo Justina, wajukuu zako, na ndugu zako wa Lingeka, ambao siku hizi wanakuja kuomba mbegu ya sungura.

Hutatutoka moyoni, baba. Mwangaluka.