Tata, Wambura Amekuwa Jangili

Tata,

Shikamoo, baba yangu. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Nimekaa kwenye kreti la soda nyuma ya nyumba yako hapa Nyambureti. Ndani Mama ana wageni wa kanisani, na leo sina uvumilivu wa watu.

Mama hajambo. Mtama umebeba vizuri. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Wale majirani waliokula kimoro chako cha nyumbu miaka yote, wakija kwa mlango wa nyuma kuomba nyama kavu kwa adabu, kisha wakasahau jina lako siku ulipopakiwa kwenye gari la askari wa hifadhi, siku hizi wananichangamkia barabarani. Ni kwa sababu nina sare na wameshaniona nikiendesha Land Cruiser. Nawaitikia nusu mdomo. Mdomo mzima hawaustahili.

Ndiyo, nilipata ile kazi uliyoicheka. "Bhoke, utabeba watu wakatazame nyama wasiyoila?" Ndiyo, Tata. Msimu huu wa nyumbu kampuni ya watalii ilinipa mzungu mmoja, safari yake binafsi, gari zima lake, mpishi wake, hema lake lenye bafu. Alikuja kupiga picha za simba, chui, duma na nyumbu wanaohama. Sisi madereva tulimwita Mzee Bomba, maana lenzi yake ilikuwa nene na ndefu kama bomba la maji ya mradi. Isitetemeke, aliilaza juu ya mfuko uliojazwa maharage. Maharage, Tata! Mama analima mgongo ukimuuma, na huku chakula kimekuwa mto wa kamera. Alijifunza neno moja, shikamoo, akawa anawaamkia watoto wadogo. Watoto wakaitikia "marahaba" na kuanguka kwa kicheko. Akaona anapendwa.

Nilimpeleka kwa duma mwenye watoto. Alikuwa amejibanza kwenye nyasi anavizia swala. Mzee Bomba akaniambia nisogee, jua liko vibaya. Nikamwambia nikisogea swala atakimbia na wale watoto watalala njaa.

"Swala wako wengi," akasema.

Sikusogea. Akasogea dereva mwingine kwa ajili ya mteja wake. Swala akapaa. Duma akakaa chini akayatazama magari, na hicho ndicho walichopiga, wote, kama mvua ya mawe kwenye bati. Jioni Mzee Bomba akanionyesha kwenye kioo cha kamera, akasema ana macho ya huzuni sana. Nilitamani kumuuliza nani kamhuzunisha.

Kisha tukaenda Mto Mara. Nyumbu walikuwa wamekusanyika tangu asubuhi, wanafika ukingoni wanarudi. Mteremko wao ulikuwepo, mzuri, umechimbwa na kwato za mama zao na bibi zao. Magari yakajipanga hapo hapo. Mimi nilisimama mbali, Mzee Bomba akipiga kiti ngumi kwamba haoni. Nyumbu wa nyuma wakawasukuma wa mbele, wa mbele wakakuta njia imezibwa na mabati, wakajitupa kwenye genge. Tata, nilisikia miguu inavunjika. Ndama mmoja alibaki kwenye mawe amekaa kitako kama mbwa, anajaribu kusimama kwa miguu ya mbele tu.

Watu juu ya magari wakapiga makofi.

Hakuna aliyekamatwa. Hakuna aliyeulizwa jina. Wewe kwa nyumbu mmoja aliyenaswa kwenye waya wako, aliyeliwa mpaka utumbo, ulisimama mahakamani umeinamisha kichwa, unaitwa mharibifu wa urithi wa taifa. Sisemi hukukosa. Sheria uliijua, ukaivunja, na kwa ukaidi wako ukamwachia Mama mzigo wa nyumba, ukarudi na kikohozi kilichokumaliza. Hilo bado linaniuma. Lakini hukumpigia makofi mnyama aliyevunjika.

Kesho yake Mzee Bomba akasema wanyama wanamtosha, sasa anataka binadamu. Anataka jangili aliyetubu, ameshika waya, anatazama mbali.

"Unamfahamu yeyote?"

"Simfahamu," nikasema. Mtu kama yule nimpe jina lako?

Akapiga simu ofisini. Siku ya pili ofisi ikamtumia maelekezo, akawa ananisomea njiani. Nenda mpaka Nyambureti. Pita shule. Kunja kwenye kisima. Kila tulipokunja nikapunguza mwendo. Mwisho akasema, "Hapa," na hapa palikuwa kwetu.

Mlangoni kasimama Wambura. Wambura wako, kitinda mimba, anayeendesha bodaboda Issenye, anayezunguka njia nzima kumkwepa mbwa wa jirani. Amevaa koti lako la kijani. Shingoni kaning'iniza waya mpya, unang'aa, wa duka la vifaa vya ujenzi. Alisikia habari kwa madereva, akajipeleka mwenyewe ofisini kwamba jangili ndiye yeye.

Sikumsalimia. Nilibaki na usukani mkononi mpaka Mzee Bomba aliponiita nikatafsiri.

Akaulizwa kama aliua wanyama wengi. Akasema wengi mno. Simba? Simba pia. Baba yake je? Hapo Wambura akaanza kulia. Machozi kabisa, Tata, yanashuka mpaka kidevuni. Siku tunakuzika macho yake yalikuwa makavu kama changarawe, yuko anatafuta chaji ya simu. Mzee Bomba akapiga magoti apate ule uso vizuri. Kisha akaona msalaba wako pembeni ya migomba. Akamwambia Wambura akasimame pale juu ya kaburi, aweke waya chini, kama anakuombea msamaha.

Mama akatoka jikoni. Hana jembe, hana fimbo, ana unga tu mikononi. Akapita katikati yao akasimama mbele ya msalaba, akasema na mimi kwa Kiswahili, taratibu, ili nisikosee:

"Mwambie huyu mgeni, mume wangu alifungwa akamaliza kifungo chake. Ndani ya kifungo hakukuandikwa kupigwa picha. Na huyu kijana mwambie avue koti la watu."

Miaka yote kazi yangu ni kulainisha maneno. Mteja akitukana, natafsiri ushauri. Mwenyeji akikataa, natafsiri samahani. Siku hiyo nilitafsiri neno kwa neno. Na unajua alifanya nini? Aliinua kamera. Alitaka hasira ya Mama, unga mkononi, mwanga mzuri. Nikaweka kiganja changu juu ya lenzi yake, chote, na jasho lake.

"Umeichafua," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

Tukarudi kambini. Ofisini nikaambiwa mteja ni mfalme, nikahamishiwa lori la vyakula. Sasa nabeba kabichi na mitungi ya gesi. Kabichi haziniambii jua liko vibaya.

Picha ya Wambura ikasambaa kwenye simu. Wameandika chini yake kwamba aliua simba na tembo, akatubu. Wambura akatembea nayo kijiwe hadi kijiwe, anaionyesha, mpaka askari wa wanyamapori nao wakaiona. Wakaja wakamchukua akawaonyeshe pembe alikozificha. Bodaboda ikabaki imelala barabarani. Mwenyekiti wa kijiji akamfuata kituoni kumtetea, na maneno aliyosema sasa yanasemwa kila baa: "Waheshimiwa, huyu hata kuku anachinjiwa na mkewe."

Wakamwachia. Sikumcheka, na nilitaka sana. Alikuja moja kwa moja hapa kwako, akakaa chini kwenye vumbi karibu na miguu yako. Safari hii hakuwepo mtu wa kumtazama ila mimi, naye hakujua nipo. Alilia tena, vibaya, kwa makamasi, kama mtoto. Ndipo nilipojua sasa wote tumekuzika, hata yeye.

Koti Mama amelifua. Amelifungia sandukuni na ufunguo anao kiunoni.

Sikiliza sasa, Tata, wageni wanaanza kuimba na nitaitwa nikagawe chai. Nakuahidi hivi. Anayetaka kukujua aache kamera garini, akae chini, anywe uji wa Mama, asubiri. Nitamweleza mwenyewe: aliwinda, alikula, alikosea, alifungwa, alitulea. Asiyeweza kukaa arudi alikotoka.

Kwaheri, Tata. Lala mahali pako. Hapapigwi picha.

Bhoke wako