Lifti ya Jengo la Kona

4 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi sijambo, ila kazi imenibana. Nina habari ya kukufurahisha: nimepewa kazi ya kuandika kijitabu cha historia ya jengo la kona, jengo lako, maana mwezi wa tano linatimiza miaka tisini. Ya zamani nimeshayachimba. Lilijengwa na kampuni ya bima, likawa mahakama, halafu ofisi za ardhi. Sasa nakutaka wewe. Karani miaka ishirini na sita, ghorofa ya tatu, tai shingoni kila asubuhi! Niambie chumba chako kilikuwaje. Nimeshajitapa kwa bosi wangu mpaka amechoka kunisikiliza.

Nitaweka na kile kichekesho cha lifti, tulipoletwa na mwalimu darasa la tatu tukakwama saa nzima. Mpaka leo mimi ni mtu wa ngazi.

Binti yako

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lina kiburi chake lakini tunavumiliana. Chumba changu hakina la kusimulia. Andika haya: lifti ilikuwa na mlango wa nondo za kukunja na mshikio wa shaba, mtu akiuendesha kwa mkono. Ukichelewa kuuachia, sakafu ya lifti na ya ghorofa hazikutani. Ghorofa ya pili walikuwa mawakili. Wakipanda wanaongea, wakishuka kimya. Ya nne wachora ramani, wananukia wino, mmoja anaimba mpaka afike. Mkurugenzi wa ya tano hakusalimia mtu hata siku moja, ila akishuka peke yake alikuwa akijisemesha kwenye kioo cha lifti.

Kisa cha kukwama kiache. Hakina maana.

Baba yako

28 Machi

Baba,

Shikamoo. Umenivunja mbavu na huyo mkurugenzi! Lakini kama alikuwa peke yake, wewe ulimwonaje?

Kisa cha lifti siwezi kukiacha, bosi amekipenda kuliko vyote. Nimekuta kwenye faili barua ya kumwachisha kazi mfagiaji, yule mliyemwita Kijiti: "aliendesha lifti bila ruhusa, kwa utundu wake mwenyewe." Nimempa ukurasa mzima, jinsi alivyojitia fundi. Kijitabu kinakwenda kuchapwa tarehe kumi na mbili. Jina lako sijaliona kwenye orodha ya makarani, lakini orodha zenyewe zimeliwa na mchwa. Nimekuandika kwa mkono wangu.

Binti yako

5 Aprili

Mwanangu,

Salamu zitakuja siku nyingine. Zuia kijitabu.

Sikuwa karani. Nilikuwa mwendesha lifti. Unauliza nilimwonaje mkurugenzi: nilisimama kando yake, mkono kwenye mshikio. Hakunihesabu. Tai niliivaa hapo nyumbani, nikifika naivua chumba cha chini, navaa koti la vifungo. Ulipokuwa darasa la kwanza uliwaambia wenzako kuwa baba yako ana ofisi yake. Nilisikia, nikanyamaza. Baada ya hapo kila mwaka kusema kulizidi kuwa kugumu.

Siku ile nilisikia sauti yako mkipangwa mstari pale mapokezi. Nikamshika Kijiti mkono. "Ndugu yangu, nishikie dakika tano tu, mwanangu asinikute hapa." Akasema, "Kitu hiki mimi sikijui." Nikamwambia, "Vuta, achia, basi." Nikajificha stoo ya mifagio, na humo nikawasikia mkilia huko juu. Mimi nilipoulizwa nilisema nilikwenda msalani. Kijiti alipoulizwa alisema alijaribu mwenyewe. Alinisitiri. Alifukuzwa mbele yangu, ana watoto wanne, nami nimesimama natazama viatu vyangu. Wiki ya pili nilimwona mtaani nikavuka barabara.

Mimi nifute kabisa, sitanung'unika. Lakini yule mtu usimfanye kichekesho. Naona haya hata kuitia barua hii kwenye bahasha.

Baba yako

16 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nimechelewa kukujibu wiki tano, na usiilaumu posta.

Barua yako ilinifika tarehe tisa. Zilibaki siku tatu. Nilikwenda mpaka mlangoni kwa bosi, nikamsikia anacheka na mtu, nikarudi kukaa. Ningemwambia nini baada ya majivuno yote yale? Nilijidai kwamba kazi yako hainitii aibu. Uongo, Baba. Ilinitia, na sasa najionea aibu mwenyewe. Kijitabu kimechapwa kama kilivyokuwa, na wewe umo, karani.

Sherehe ilikuwa jana mchana. Wafanyakazi wa zamani walialikwa, wakaja wachache. Mzee mmoja mwembamba, macho yameingia ukungu, alinifuata ameshika kijitabu.

"Binti, wanasema nimo humu. Mimi ndiye Kijiti. Hebu nisomee."

Nilifungua ukurasa ule nikasoma yasiyoandikwa. Nikasoma kwamba alikuwa mfagiaji hodari, kwamba ngazi za jengo zima aliziacha ziking'aa, na kwamba siku moja alikubali lawama ili kumsitiri rafiki yake wa lifti. Akanisogelea.

"Kayasema mwenyewe hayo?"

"Ndiyo."

"Basi. Nilijua ipo siku atasema."

Machozi yalimtoka huku anacheka. Akanitaka nimkunjie pembe ya ukurasa ule asiupoteze, akaniaga, akasema jioni wajukuu watamsomea tena.

Jioni yenyewe imeshapita. Njoo, Baba. Sijui tutaanzia wapi, lakini njoo twende wote kwake.

Binti yako