Jitu Lililobaki Mto Kochi

Onduparaka, Arua
4 Februari 1979

Mume wangu Angelo, asali wa moyo wangu,

Umelalaje huko Koboko? Cherehani yako haijambo? Mimi mzima, ila lori likipunguza mwendo tu nakimbilia mlangoni nikidhani ni wewe. Harusi ilikuwa juzi, na tayari ninalala nimekumbatia shati lako.

Mashujaa wa hadithi yetu bado wanaitafuta ngoma ya mwezi iliyoibiwa: Eyotaru mchawi, ambaye uchawi wake hufika kesho yake, mbuzi anayesoma ramani huku akiila, na lile jitu linaloogopa kuku, kama wewe. Nimewaacha mdomoni mwa kenge. Sheria yetu unaijua: anayepokea barua ndiye anayeokoa.

Mkeo,
Driciru

Koboko
2 Machi 1979

Mke wangu mpenzi,

Salamu kwako na kwa mama. Sijambo, ila siku hizi nashona sare za askari tu.

Jitu liliona jogoo kwenye ulimi wa kenge, likapiga yowe, kenge akawatapika wote. Wameangukia shimoni. Uchawi wa Eyotaru wa jana ndio kwanza unafika: mvua.

Mumeo,
Angelo

Onduparaka
22 Aprili 1979

Mpenzi wangu,

U mzima? Mvua ilijaza shimo, wakaelea hadi juu, mbuzi akidai huo ulikuwa mpango wake. Nilicheka mpaka mama mkwe akaniuliza, "Wewe iko nacheka na karatasi?" Nikamjibu nacheka na mwanawe.

Askari walioshindwa vitani wanapita kwenda kaskazini. Majirani wanafunga mizigo ya kukimbilia Zaire. Mama amesema haondoki bila wewe, nami tumbo langu limeanza kukataa chai. Wezi wa ngoma wamewazingira mashujaa. Njoo uwaokoe hapa hapa, kwa mdomo wako.

Mkeo,
Driciru

Koboko
27 Mei 1979

Mke wangu,

Hamjambo? Habari ya chai hiyo imenifurahisha kuliko barua zote. Barabara imefungwa, dereva Kasereka atanileta Jumamosi kwa njia ya porini. Nisipofika, mpeleke mama Zaire.

Ngoma wameipata; jinsi walivyowaponyoka wezi nitakusimulia nikifika. Lakini Mto Kochi umefurika, nao wako katikati. Utawavusha wewe.

Mumeo,
Angelo

Aru, Zaire
19 Agosti 1979

Mume wangu,

Mama anakusalimu. Tulikungoja Jumamosi hiyo, na iliyofuata. Kasereka alitukuta huku. Akanipa futi yako ya kupimia nguo, akasema lori lilizama Kochi, nawe ulifika ukingoni, ukarudi majini kutoa watu, ukarudi tena. Mama ameivaa shingoni, haivui.

Nimewavusha. Jitu lilimbeba Eyotaru begani, mbuzi kichwani, na mbuzi akaishika ngoma. Wao wamefika ng'ambo; lenyewe maji yamelizidi. Nilitaka Eyotaru alitoe jitu, ila uchawi wake hufika kesho yake. Hiyo kesho yake nimeiandika, nikaichana, nikaiandika tena.

Jitu bado liko majini. Ni zamu yako, Angelo.

Mkeo,
Driciru