Pepopunda Haimpi Mtu Kinga

Jumamosi, Mutomo. Jua limewaka tangu asubuhi na upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya sufuria. Nimechoka, lakini moyo wangu umeamua.

Musyoka, mume wangu, amesema haendi hospitali Jumatatu kudungwa chanjo ya pili; ya kwanza alipewa akiwa bado amelazwa. Eti ameshaugua pepopunda, mwili umeizoea.

Mwili haujazoea chochote.

Ilianza na mwiba. Alikuwa akiziba boma la mbuzi kwa matawi ya miiba, mwiba ukapenya viatu vyake vya akala ukaingia kisiginoni. Akaung'oa, akapaka majivu, akaendelea na kazi. Kidonda kilikuwa karibu kupona siku aliposhindwa kufungua mdomo kula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Nilidhani ni jino. Kufika jioni shingo ilikuwa imekauka kama ubao, tukamkimbiza hospitali.

Muuguzi alinieleza pole pole. Bakteria wenyewe hawakutoka kisiginoni. Walikaa mle ndani ya kidonda, mahali hewa haifiki, wakatengeneza sumu. Sumu ndiyo iliyosafiri, ikapanda na mishipa ya fahamu mpaka kwenye uti wa mgongo. Huko kuna seli ambazo kazi yake ni kuuambia msuli ulegee. Sumu inaziba mdomo wa seli hizo. Msuli unaambiwa kaza, kaza, na hakuna wa kuuambia basi.

Nikamuuliza, "Si mtaitoa hiyo sumu?"

"Mama Mutheu, dawa tuliyompa inakamata ile ambayo bado inazunguka. Iliyokwisha kushika mishipa hatuwezi kuibandua. Tutamsaidia avumilie mpaka mishipa ijirekebishe."

Nilitoka nje nikalia. Kisha nikarudi, kwa sababu kulia hakungemsaidia.

Walifunga mapazia. Mwangaza au kelele kidogo tu ilitosha kumkaza. Sahani ilipoanguka kwenye korido, mgongo wake uliinuka kutoka kitandani, akabaki ameshikiliwa na kisogo na visigino. Na akili yake ilikuwa timamu wakati wote. Macho yalikuwa yananiangalia.

Halafu kanisa likaja. Pasta mbele, akina mama nyuma, na wimbo umeshaanza kule kwenye ngazi. Nilisimama mlangoni nikanyoosha mikono.

"Pasta, tafadhali. Msiimbe."

"Dada, unazuia maombi?"

"Sizuii. Ombeni hapa nje, kimya kabisa. Mkiimba mtamuua."

Mama mmoja aliguna. Pasta aliniangalia, akavua kofia, akapiga magoti pale koridoni bila neno. Wengine wakamfuata. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Bado wako wanaosema nilifukuza kanisa. Waseme. Hata kesho nitasimama pale pale.

Alipona kidogo kidogo. Taya lililegea kwanza, akaomba uji. Sasa yuko nyumbani, anatembea na fimbo, na ubishi wake umerudi wote.

Leo mchana nilimkalisha chini. Nilimwambia vile daktari alisema tukiruhusiwa kutoka: sumu hii ni kali sana, kiasi kidogo mno kinatosha kumwangusha mtu, kidogo hivi kwamba mwili haupati nafasi ya kuijua na kujifunza kuipiga. Ukiugua leo, mwiba mwingine unaweza kukurudisha kule kule. Chanjo peke yake ndiyo inaufundisha mwili.

"Na wewe mbona hukudungwa?" akaniuliza.

"Nilidungwa nikiwa na mimba ya Mutheu. Wanaume ndio hamna kliniki ya kuwashika."

Akacheka. Kisha akasugua taya lake. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba sitaweza tena kuyaona macho yale kwenye chumba cha giza. Hata sikufika huko.

"Sindano hiyo ya pili," akasema, "inadungwa mkono gani?"

Jumatatu tunatoka mapema, kabla jua halijapanda. Nimeshamwambia shemeji, ndugu yake Musyoka, naye aje adungwe, kwa sababu boma lile la miiba ni la wote wawili.