Watu Mia Tatu Tumetoka Sare na Mume Wangu

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikaripia, maana nyumbani kwangu hakukaliki. Mimi ni fundi cherehani, na mume wangu ni mjumbe wa mkutano mkuu wa chama chetu unaomteua mgombea urais Jumamosi hii, na hakuna aliyemchagua, ila zamani aliwahi kuwa mwenyekiti wa vijana kwa miezi minane, na kanuni zetu zinasema aliyewahi kushika cheo hicho ni mjumbe mpaka afe. Sasa tawini kwetu tulipiga kura za maoni kuchagua kati ya wawili wanaoutaka urais, Mwalimu na Mhandisi, nikazunguka nyumba kwa nyumba mpaka viatu vikaachia soli, tukampa Mwalimu kura mia tatu na kumi na mbili, Mhandisi akaambulia sitini, na kanuni zikatupa mjumbe mmoja tu wa kupeleka uamuzi wetu huko, halafu mume wangu ananiambia, huku anakunywa chai niliyompikia, kwamba yeye anampigia Mhandisi, kwa hiyo kura yake moja inaifuta ya tawi zima, yaani watu mia tatu na ushee tumetoka sare na mtu ambaye hajui hata soksi zake zilipo! Nilipomuuliza haki iko wapi akasema, "Mama watoto, kanuni ni kanuni, sikuziandika mimi." Mkutano uliopita alimpigia niliyemtaka, nikamshonea suti nikijivunia, lakini safari hii damu ilinichemka, nikachukua kitambulisho chake cha ujumbe, ambacho bila hicho haingii ukumbini, nikakishonea ndani ya bitana ya koti la suti hiyohiyo, mgongoni, ili afike mlangoni amekibeba na bado arudishwe. Sasa amepindua nyumba nzima anakitafuta, na lawama zimemwangukia wifi yangu, dada yake tunayeishi naye, kwa sababu ndiye anayefagia chumba, mume wangu kamwita mwizi mbele ya majirani, na wifi ameapa mpaka sauti imemkauka, leo asubuhi ameanza kufunga mizigo, na mimi nimeinamia cherehani kama sisikii. Je, nikae kimya mpaka Jumamosi ipite?

Fundi Mwenye Hasira

Fundi,

Nilipofika kwenye soksi nilikuwa upande wako kabisa. Kanuni hiyo ni mbovu. Mtu aliyekaa kwenye cheo miezi minane enzi hizo hawezi kulingana na tawi zima lililopanga foleni, na anayekuambia "kanuni ni kanuni" anajua fika kwamba inamfaa. Mna haki ya kukasirika.

Lakini hebu niambie, wakati wa mkutano uliopita wewe ulikuwa wapi? Kanuni ilikuwa hiyohiyo, mume huyohuyo, nawe ukachukua futi ukampima mabega. Ilikuwa tamu ilipoangukia upande wako. Leo imekugeuka ndiyo unakumbuka haki! Na dawa uliyoiona ni kuamua peke yako, kwa siri, nani apige kura na nani asipige. Mama, si ndicho hicho unachokilalamikia?

Kanuni hubadilishwa na wanachama. Wale mia tatu bado wapo, na milango yao unaijua. Andikeni hoja: wajumbe wa aina ya mumeo wahudhurie, waseme watakavyo, wasipige kura. Wekeni sahihi, mjumbe wenu aibebe. Wale sitini wa Mhandisi nao waombeni watie sahihi, maana kesho watakaoonewa ni wao. Huenda mwaka huu msipate kitu, na Mwalimu akaangushwa na kura za watu ambao hakuna aliyewatuma. Itauma. Endeleeni.

Hayo ni ya baadaye. Sasa hivi chukua kiwembe, fumua hilo koti mbele ya mumeo, wifi yako akiwa amesimama hapohapo, na majirani waliosikia neno mwizi waitwe wasikie ukiomba radhi. Mumeo atafoka. Mwache afoke, na usithubutu kumtajia kanuni za chama siku hiyo.

Umenijazia ukurasa kuhusu watu ambao sauti zao hazikuhesabiwa. Humo nyumbani mwako yuko mmoja aliyesema kweli tupu, na shahidi wake pekee ni wewe. Inuka kwenye hiyo cherehani kabla hajafika stendi.